Mabeseni Matatu na Dirisha la Karani

Watu wakisikia kwamba naosha karatasi kwa maji, hunitazama kama nimerukwa na akili. Haya, nitazameni! Ndiyo kazi yangu katika nyumba ya kumbukumbu. Karatasi kuukuu inalazwa kwenye beseni pana, maji yanapita juu yake taratibu, uchafu wa miaka unatoka na wino unabaki. Kama una papara, katafute kazi nyingine.

Siku hiyo nilikuwa na mabeseni matatu mezani, kila moja na nakala kuukuu ya hati ya haki za watu, na kwenye kiti kando yangu alikaa shangazi yangu, dobi mstaafu, mwenye mikono iliyochakazwa na sabuni ya miaka arobaini. Mashemeji zake walikuwa wamempa hadi kesho yake ahame nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Sheria mpya ilimruhusu kuweka pingamizi, mwisho saa tisa alasiri ile ile, na ofisi ya karani ilikuwa mtaa wa pili tu. Lakini wapi! Hataki.

"Mimi nani, mwanangu, hata nishtakiane na wanaume?"

"Wewe ni mtu, shangazi!"

Akacheka. "Mtu. Hayo ni ya kwenye makaratasi yako."

Nilikasirika, sifichi. Nikamgeuzia mgongo, nikainamia mabeseni. Joto la mchana lilikuwa kali, maji yakinong'ona, na kope zangu zikaanza kuwa nzito.

Chini ya maji nikaona chumba. Katika beseni la kwanza mabwana wa kale wenye majoho walikuwa wamembana mfalme: asiwafunge tena bila hukumu. Mfalme akagonga muhuri shingo upande. Mabwana wakashangilia, wakaingia ndani, wakafunga mlango. Wakulima wao wakabaki nje.

Chumba kikaelea hadi beseni la pili, karne nyingi baadaye. Humo bwana mmoja alikuwa akiandika kwamba watu wote huzaliwa sawa. Wino ukamwishia. Akapiga kengele, na mtu aliyemnunua sokoni akamletea wino mwingine. Hakuna aliyecheka, jamani. Naye alipomaliza akafunga mlango, na nje wakabaki watumwa, wasio na mashamba, na wanawake wote, mkewe mwenyewe akiwa mmoja wao.

Hati ya beseni la tatu ilipigwa kwa mashine, baada ya vita vilivyoizika nusu ya vijana wa dunia. Iliandikwa "kila mtu", na wanawake sasa walikuwa mezani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia foleni ya nje, ndefu, watu wakielea polepole kama nguo kwenye kamba, na huko mkiani nikamwona shangazi yangu na ndoo yake akiwaambia wenzake, "Tangulieni, tangulieni."

"Wewe mtoto! Unalala kazini?"

Nikashtuka. Shangazi alikuwa ameinamia beseni la pili. Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na doa jeusi nililopanga kuliondoa.

"Hili usiliguse," akasema. "Madoa nayajua mimi. Hiki ni kidole. Mtu mwenye masizi aliishika karatasi hii. Tazama mistari."

Nikaleta lenzi. Kweli bwana, kidole. Miaka kumi na minane ya kazi, na nilikuwa nakaribia kumfuta mtu!

"Nani huyu?"

"Hakuandikwa, shangazi. Labda mpishi. Labda mtu wa kuwasha moto."

Alikitazama kidole kile, kisha akatazama cha kwake. "Alikuwemo chumbani humo humo," akasema, "wakaandika kama hayupo." Akajifunga mtandio. "Saa ngapi?"

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika sita. Tulikimbia, na naapa, bibi yule ana miaka sabini na moja na aliniacha nyuma. Tulimkuta karani anashusha dirisha. Shangazi akaingiza kiwiko.

"Mama, tumefunga."

"Hujafunga. Mkono wangu uko ndani."

Karani akaguna, akatoa fomu. Nikamjazia, yeye akaweka dole gumba, karani akagonga muhuri. Hakuna wa kumgusa hadi kesi isikilizwe. Raha niliyoisikia haina mfano. Nikamshika mkono twende zetu.

Hakusogea. Nyuma yetu alikuwa amefika mwanamke mwenye sare ya wafagizi wa barabara, anahema, karatasi yake imelowa jasho, na karani alikuwa ameshashika tena dirisha.

"Shangazi, chetu tumeshapata. Twende."

Akanitazama kama hanijui. Kiwiko hakikutoka dirishani.

"Pita, mwanangu," akamwambia yule mwanamke. "Nimekushikia."