Hedifoni ya Ndege ya Wagonjwa

Hasira za Mursal zilianza asubuhi, na alikuwa na haki nazo zote. Binti yake Lul alikuwa amelazwa katika zahanati ya Garissa siku ya pili, mtoto amekwama tumboni, na mkunga Ebla alikuwa amesema wazi: asipopasuliwa Nairobi leo, kesho haioni. Ndege ya wagonjwa ilikuwa imeshatua. Imesimama pale uwanjani, mafuta yapo, rubani yupo, mgonjwa yupo. Na hairuki!

Kisa? Hedifoni. Maikrofoni yake, ile inayokaa mbele ya mdomo wa rubani, ilikuwa imekufa. Huo ulikuwa mwaka wa 1965, vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vimepamba moto, na ndege isiyojibu ikiitwa ingeweza kumiminiwa risasi na askari wa serikali yenyewe. Rubani, kijana wa Kizungu aliyebabuka pua kwa jua, alikataa katakata kuruka akiwa bubu. Spea ilikuwa Nairobi, na chombo cha kuileta ni ndege hiyo hiyo.

Mursal alikuwa fundi wa redio. Kazi alijifunzia jeshini, kule Burma, na alipoifungua ile maikrofoni aliujua ugonjwa papo hapo: punje za makaa zilizomo ndani zilikuwa zimeganda kwa jasho. Dawa yake alikuwa nayo, sanduku zima. Alikuwa nayo, nasema, mpaka mwezi wa tatu, askari walipopita nyumba kwa nyumba wakikusanya redio za Wasomali, na spea zake zote wakazitia moto. Eti fundi wa redio ni sikio la adui! Ofisa aliyetoa amri ile ndiye huyu huyu aliyesimama sasa mbele yake, ofisini mwake, akimwita mzee wangu.

"Mzee wangu, jaribu basi," ofisa alisema.

"Nijaribu na nini? Na mate?"

Kisha akaiona simu juu ya meza, ile iliyounganishwa na kambi ya polisi tu. Ndani ya mkono wa simu, upande wa kuongelea, kulikuwa na kidude cha punje za makaa, karibu sawa na kile kilichokufa.

"Nipe hicho," akasema. "Robo saa tu, ndege iko juu."

Thubutu! Simu ni mali ya serikali. Kufungua mali ya serikali kunataka barua. Barua inataka sahihi ya mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni ng'ambo ya mto Tana. Saa mbili ikawa saa nne, saa nne ikawa saa sita. Mursal alikwenda zahanati mara tatu. Mara mbili za kwanza Lul alimshika mkono akamuuliza, "Aabo, ndege bado?" Mara ya tatu hakuuliza kitu.

Saa nane aliingia ofisini bila hodi, akaing'oa simu mezani.

"Niue!" akamfokea ofisa aliyekurupuka kitini. "Toa bastola uniue hapa hapa, halafu hedifoni umpelekee fundi mwingine!"

Ofisa akakaa tena kitini. Fundi mwingine hakuwapo, si Griftu, si Mandera.

Robo saa, kama alivyosema. Kidude kilipwaya kidogo, akakikaza kwa kipande cha ngozi ya mbuzi na uzi wa kushonea viatu. Lul akaletwa kwa machela, Ebla akapanda naye. Rubani alipokuwa nyuma anafunga mikanda ya machela, Mursal alikaa mbele, akawasha redio, akavaa hedifoni. Jeshini alifundishwa kwamba fundi hakabidhi mtambo kabla hajauvaa mwenyewe, na desturi hiyo hakuwahi kuiacha.

Sauti ikaingia safi kabisa, kwa Kiingereza cha haraka. Nairobi ilikuwa inaita. Mgonjwa wa Garissa ashushwe, asubiri safari nyingine. Ndege iende Liboi, mpakani, sasa hivi, kuna askari amepigwa risasi ya tumbo. Umepokea?

Damu ilimchemka Mursal. Ndege moja! Nchi yote hii, kutoka mto Tana mpaka mto Daua, ndege moja, nayo imekaa tangu asubuhi inaota jua ikingoja barua! Akageuka nyuma, akaiona miguu ya mwanawe imetokeza nje ya blanketi, imevimba. Sauti ikauliza tena kama amepokea. Mursal akabonyeza kitufe, akaipinda sauti yake kama makapteni wake wa zamani, akajibu kwamba amepokea, ili wasiite tena. Kisha akaivua hedifoni, akampa rubani.

"Inafanya kazi," alisema. "Nenda."

Kesho yake asubuhi ofisa alikuja nyumbani kwake na askari wawili, karatasi mkononi.

"Amri ya kwenda Liboi ilijibiwa," alisema. "Rubani anaapa hakuisikia. Alipowaita Nairobi alikuwa karibu kutua. Nani alijibu?"

"Mimi. Binti yangu je?"

"Yuko hai. Na mtoto pia." Ofisa akatazama karatasi. "Yule askari alikufa jioni, akingoja ndege uliyomwibia."

Mursal akaanza kusema alhamdulillahi, akalikatiza neno katikati. Alikuwa amepata mjukuu, na mama wa mtu mwingine alikuwa amefiwa. Uchungu ukamshika, na juu ya uchungu hasira.

"Ungenipa kile kidude saa mbili," alisema, "ndege ingempeleka Lul na kwenda Liboi kabla ya jioni. Tumemuua pamoja, mimi na wewe na barua yako. Lakini umekuja na pingu jozi moja tu, sivyo?"

Askari mmoja akasogea na zile pingu.

"Alikuwa anaitwa nani?" Mursal akauliza.

"Nani?"

"Huyo kijana aliyekufa!"

Ofisa akaisoma karatasi yake kutoka juu mpaka chini, akaigeuza nyuma, akatazama huko pia.

"Hawakuandika," alisema.

"Basi nenda kaulize!" Mursal akapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje. "Kaulize jina lake kwanza, ndipo uje unifunge!"