Mwenye Chumvi

"Inachemka vizuri, Mama Nyanisi?" aliuliza binti wa wizara.

"Inachemka," alijibu Nyanisi, akakoleza moto ambao haukuhitaji kukolezwa.

Hakujua kama inachemka vizuri, na ukweli huo alikuwa ameuficha tangu asubuhi. Wanawake wa ukoo wa mumewe waligawana kazi ya chumvi tangu enzi za bibi zao: mmoja hujenga chujio, mwingine hukaa motoni. Mwenye chujio hakisogelei chungu, wala mwenye moto haligusi chujio. Nyanisi alikuwa wa chujio. Alifunga fito za mti wa mopane mwenyewe, akazikandika udongo wa kichuguu, akakwangua ukoko mweupe kando ya chemchemi ya maji moto, akautia ndani na kuumwagia maji. Yaliyodondoka chini yalikuwa maangavu na makali, ya kumkunjisha mtu uso. Hapo hakuwa na mpinzani. Lakini chungu kikishainjikwa, alikipa mgongo maisha yake yote.

Wa moto alikuwa Mijaji, mke mwenzake.

Wawili hao walikuwa hawaivi tangu mazishi ya mume wao, siku Nyanisi alipomwambia mwenzake mbele ya waombolezaji kwamba alikuja kwenye nyumba ile kula tu. Mijaji alisimamisha ua wa miiba katikati ya kiwanja, na tangu hapo hakuna aliyekanyaga uwanda wa chumvi.

Kisha ikaja sera ya serikali. Ilitangazwa redioni kwa Kitsonga: ujuzi wa asili upelekwe maabara, upimwe, uboreshwe, uzae bidhaa, na wenye ujuzi wasajiliwe kwa majina, asije akatokea mjanja wa kuwapora. Rirhandzu, binti wa huku huku aliyesomea kemia na kuajiriwa na wizara, alikuja kwenye baraza la chifu akauliza ni nani anayejua chumvi. Chumvi ikifaulu vipimo, kituo cha kuwafundisha mabinti kitajengwa hapa. Isipofaulu, gari la wizara litakwenda kijiji kingine.

"Mimi naijua," alisema Nyanisi, ameshasimama kabla ya kufikiri. "Mwanzo hadi mwisho."

Mijaji, aliyekuwa amekaa nyuma, aliifunga nguo yake vizuri begani, akatoka.

Sasa Nyanisi alichochea na kuchochea mpaka tone la mwisho la maji likakauka. Chumvi ilibaki nyeupe, imejaa chungu, inapendeza macho. Akashusha pumzi. Rirhandzu alichovya kidole, akaonja, akakifuta kidole.

"Mama, ndivyo inavyokuwa siku zote?"

Nyanisi akaonja. Ilikuwa chungu kama shubiri.

"Nikiipeleka hivi," alisema Rirhandzu kwa upole, huku akijizuia kucheka, "tutasajili dawa ya kuharishisha. Naondoka kesho jioni, Mama. Kama kuna la kufanya, tulifanye."

Ingekuwa rahisi kusema mvua iliharibu udongo. Neno lilimfika mdomoni, naye akalimeza. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu: kazi ya ukoo mzima ingemfia mikononi kwa sababu ya mdomo wake.

"Hodi," aliita kwenye ua wa miiba.

"Hapo hapana mlango," sauti ya Mijaji ilijibu. "Zunguka barabarani kama wageni wengine."

Akazunguka. Alipiga magoti langoni, akapiga makofi ya taratibu kama anavyosalimiwa mkubwa, ingawa mkubwa kwa ndoa alikuwa yeye. Mijaji aliendelea kutwanga karanga.

"Nimeharibu chumvi."

"Nimesikia. Watoto wamepita hapa wanajishika mbavu."

"Nilikukosea msibani, Mijaji. Barazani nikakukosea tena."

Mchi ukasimama. "Msibani uliniumiza. Nililia, ujue. Lakini barazani ulinichekesha. Nikasema mwache aende, chungu kitamjibu."

"Kimenijibu."

"Uliyakausha maji yote?"

"Yote."

"Mjinga wewe!" Mijaji alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la nguo. "Uchungu wote hubaki kwenye yale maji ya mwisho. Unaepua mapema, unayamwaga! Inuka, utachubuka magoti. Karanga hizi zimejaa maganda, nisaidie kupepeta."

Kesho yake Mijaji alikaa motoni, na Nyanisi akaenda kusimama kando ya chujio, mgongo ameupa chungu.

"Utaratibu wetu unataka jina moja la mwenye ujuzi," alisema Rirhandzu. "Niandike la nani?"

"La Mijaji," alisema Nyanisi bila kugeuka.

"Nani kakutuma?" Mijaji alimjia juu. "Mimi chujio nitalijengaje? Nitakaa nichemshe mate?"

Rirhandzu akacheka. "Nitaandika mawili. Wakitaka kugomba, watagomba na mimi huko Pretoria. Mama Mijaji, unajuaje kwamba saa ya kuepua imefika?"

"Chungu kinasema chenyewe. Nyanisi, njoo hapa."

"Mimi ni wa chujio."

"Na mimi nikifa kesho, huyu binti amwite nani? Njoo, bwana."

Nyanisi alisita. Alitazama nyuma kama mtu anayeogopa kuonwa na wakwe zake waliokwisha kufa, kisha akaja. Akachuchumaa. Mijaji alimshika kisogo, akakiinamisha kichwa chake mpaka mvuke ukamlowesha shavu.

Mwanzoni alisikia maji tu, yakitokota kama maji yoyote.

"Hapa?" aliuliza.

"Bado."

Rirhandzu alizima simu yake bila kuambiwa. Moto ukapungua. Ndani ya chungu chumvi inayoganda ilianza kugonga chini, taratibu, kwa uzito, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

"Na sasa?"

Safari hii Mijaji alikuwa ameshika vitambaa vya kuepulia, anamtazama mwenzake usoni, anamsubiri aseme yeye.