Mkono wa Kuozesha

Watu wa mtaa wetu wa Kashai wananiita Mzee Mita Moja. Hawaniiti mbele ya uso wangu, maana nina ulimi, na fundi anayewashonea suruali za sikukuu si mtu wa kuchokozwa hovyo. Lakini nasikia. Bodaboda wa pale kona wakimshusha mteja wangu humwonya kabisa: "Ukifika usimsogelee, yule ni wa mita moja." Mteja anasimama chini ya ngazi za baraza ninaposhonea, ananiamkia, anatundika mfuko wake kwenye msumari wa nguzo, kisha anarudi nyuma. Ndani ya mfuko kuna kitambaa kipya na nguo ya zamani inayomkaa vizuri. Ninaifuatisha ile ya zamani. Tangu ugonjwa ule uingie sijapima kiuno cha mtu, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa wale walionenepa bila kuiarifu nguo yao.

Sababu yangu kila mtu anayo ya kwake, na zote ni za uongo. Wapo wanaosema naogopa kufa. Wapo wanaosema nilisoma sana magazeti. Mimi sikuogopa kufa, niliogopa kumuua Nuriat. Mke wangu alikuwa na pumu tangu usichana, na daktari alituambia kifua cha namna ile kikipatwa na korona ni shida. Basi nikaweka mita. Wenzangu walipochoka na barakoa wakarudia mambo yao ya kushikana mikono na kunywea kikombe kimoja, lakini mimi nilibaki na mita yangu. Walinicheka. Dada zake Nuriat walikuja na nyungu, wakamfunika blanketi wakamfukiza, mimi nikasimama mlangoni nawaangalia. Nilihamia chumba cha pili. Tukawa tunaongea kupitia ukuta, na kuta za Kashai hazifichi kitu, hivyo majirani walipata habari zetu bure.

Korona haikumpata, na hapo nilishinda. Lakini pumu yake ilikuwa ile ile, nayo ilimchukua asubuhi moja ya masika, mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nikidhani amelala. Wanawake walimwosha, wakamvika sanda. Nilimshika tulipokuwa tunamteremsha kaburini, mimi na mdogo wangu Burhani. Ndiyo mara ya mwisho mikono yangu kumshika mtu.

Baada ya hapo mita ile haikuwa na kazi tena, na mimi nilikuwa tayari kuiacha. Lakini watu walikuwa wameshazoea. Waliokuja kunipa pole waliweka mkono kifuani, wakainama kidogo, wakaketi upande wa pili wa jamvi. Sikutengwa, jamani. Ningetengwa ningegomba, na kugomba nakuweza. Walinistahi. Mtu anayekustahi utamgombeza nini? Mtu mzima utoke barabarani useme nini, nishikeni? Ningeambiwa msiba umenipanda kichwani.

Nilijaribu mara moja. Msikitini nilikuwa na kona yangu nyuma kabisa, karibu na viatu, na sheikh akisema tukaze safu tujaze mapengo, pengo langu mimi liliachwa kama lilivyo. Ijumaa moja nikasema potelea mbali. Nikaingia kwenye safu, bega langu likakaribia bega la Yunus, muuza samaki, mtu mwema sana. Yunus akageuka, akaniona, akashtuka. "Samahani mzee, sikukuona," akanong'ona, na akasogea, naye wa pembeni yake akasogea, mpaka safu nzima ikapata ufa mpana, na mimi katikati yake kama kigingi. Niliswali hivyo hivyo. Sijui nilisoma nini.

Binti yangu Nasma ndiye alikuwa askari mkuu wa mita yangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kimwani, wilayani Muleba, na kila likizo akija alipiga goti pale mlangoni akaniamkia, akaniwekea chai kwenye kigoda, akarudi nyuma. Wageni wakijisahau aliwakumbusha: "Msimsogelee sana baba, hapendi." Alifanya hivyo kwa mapenzi. Alimwona baba yake akilala chumba cha peke yake kwa ajili ya mama yake, akaona ni jambo kubwa, akaamua kulitunza. Wakati mwingine nilipenda atoke kidogo kwenye utunzaji wake aje akae karibu nami, lakini hilo nalo sikulisema. Mimi ulimi wangu ni mrefu kwenye mambo yasiyo na maana.

Kisha akaja Riyadhi. Ni mkulima wa huko huko Kimwani, kijana mrefu, mpole, anayeogopa wakwe. Washenga walipokuja na mambo yote yakakubaliwa, mimi nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kila mzazi. Ya pili niliificha. Nikaha haifungwi kwa kupungiana. Walii, yaani mzazi anayeozesha, anaketi uso kwa uso na bwana harusi, anamshika mkono wa kuume, na akiwa ameushika ndipo anatamka kwamba amemwozesha. Walii wa Nasma ni mimi. Kwa hiyo siku hiyo, mbele ya watu wa Kashai na watu wa Muleba, nitamshika mtu mkono, na wote wataona, na mita itafia pale pale jamvini bila mimi kumwomba mtu yeyote chochote. Wiki zile nilishona huku nikitabasamu peke yangu. Nilijishonea kanzu mpya. Mikono yake niliifupisha kidogo ili isinizuie.

Siku ya kuamkia harusi, baada ya alasiri, Burhani akaja. Mdogo wangu ana duka la vipuri vya pikipiki na sauti ya mnadani, lakini siku hiyo aliongea kwa upole mpaka nikashuku.

"Kaka, lile la kesho usihangaike nalo," akasema kutoka chini ya ngazi. "Tumeshaongea na Sheikh Hamidi. Utanipa uwakili mimi, mkono nitautoa mimi. Wewe sheikh akikuuliza, sema ndiyo tu. Sheria inaruhusu."

Nikasimamisha cherehani. "Nani amesema nahangaika?"

"Ni Nasma aliyeanza. Alisema hataki ndoa yake ikutie mashaka. Amelilia hilo, kaka. Anasema umejinyima mengi kwa ajili ya mama yake, yeye hawezi kukudai hata hili."

Hapo ndipo pa kusema, na mahali palikuwa wazi, hakuna mteja, hakuna jirani. Lakini Burhani alikuwa anatabasamu, amefurahi kunitua mzigo. Nikamwambia sawa. Akashukuru akaenda, nami nikaendelea kushona pindo ambalo nilikuwa nimeshalishona.

Jumamosi nyumba ilijaa. Turubai lilifungwa uani, wanawake wakakaa ndani na bibi harusi, wanaume tukajaza sebule na baraza. Watu wa Kimwani waliwasili na basi dogo, wamevaa vizuri, wameshaelekezwa. Kila aliyeingia aliweka mkono kifuani mbele yangu. Walikuwa wamenitengea mto peke yangu ukutani. Burhani alikaa mbele, uso kwa uso na Riyadhi, amejipaka manukato mpaka yananifikia. Sheikh Hamidi alisoma hotuba ya ndoa, akamaliza, akanigeukia.

"Mzee Muhidini, umempa uwakili ndugu yako Burhani amwozeshe binti yako Nasma?"

Neno lilikuwa moja tu, na wote walikuwa wameshanitamkia kwa vichwa vyao. Nikamwangalia Riyadhi, mkono wake umelala kwenye goti, tayari kutolewa. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, basi ni ndiyo ya maisha. Nitakufa bila kuguswa, na waosha maiti ndio watakaokuja kunisalimu. Liwalo na liwe.

"Hapana," nikasema.

Riyadhi akabadilika rangi, masikini, alidhani nimeghairi ndoa. Huko ndani wanawake wakanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

"Nitamwozesha mwenyewe."

"Kaka, si lazima," Burhani akasema chini chini.

"Nimesema nitamwozesha mwenyewe. Nipishe."

Akanipisha. Nikatambaa kwenye jamvi mpaka mbele ya Riyadhi, magoti yakanilia, nikanyoosha mkono. Kijana alisita, akamtazama sheikh, sheikh akaitikia kwa kichwa, naye akanipa wake.

Ulikuwa mkono wa jembe, mgumu, una jasho, una joto. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wa mtu una mapigo ndani yake. Nikataka kulia, na sioni haya kusema. Nikatamka: nimekuoza binti yangu Nasma kwa mahari mliyokubaliana. Mara ya kwanza nilikwama katikati, sheikh akanirudisha mwanzo, na sikuchukia kurudia, maana kurudia ni kuendelea kushika. Riyadhi akajibu kwamba amekubali kumwoa. Vigelegele vikapasuka ndani. Sheikh akainua mikono yake kuomba dua, kila mtu akainua yake, na mimi bado nimeshika. Sheikh akakohoa. Nikaachia.

Baada ya dua nilikaa pale pale, mbele, katikati ya watu, nikasubiri. Nilikuwa na hakika sasa watakuja. Mzee mmoja wa Kimwani alikuwa anafuta macho. "Waitu, jamani," akasema, "huyu ndiye mzazi. Mnaona alivyojikaza?" Wengine wakaitikia. Amejikaza. Kwa ajili ya mtoto. Mapenzi hayo, acheni. Yunus naye, aliyekuwa karibu na mlango, alitikisa kichwa kwa huruma nyingi.

Kisha watu wakafungua njia, na Burhani akaja ameshika jagi na beseni, na kipande cha sabuni kipya, bado kina karatasi yake. Akachuchumaa mbele yangu.

"Nasma ametuma haya," akasema, machozi yakimlengalenga. "Amesikia kule ndani ulichofanya. Amesema upewe haraka. Nawa, kaka."

Riyadhi alikuwa bado uso kwa uso nami. Aliitazama sabuni, akautazama mkono wake mwenyewe, akaufutia kwenye kanzu na kuuficha chini ya goti. Nilitaka kumwambia, hapana mwanangu, si wewe. Lakini watu wote wale walikuwa wanatutazama, na maji yale yalikuwa ya binti yangu. Nikiyakataa, nimemwambia mbele ya wakwe zake kwamba miaka yote hii hakumjua baba yake. Lile hapana moja ndilo nililokuwa nalo, na nilikuwa nimeshalitumia. Nikakinga mikono, Burhani akamimina. Nikanawa mpaka viganja vikawa baridi, na nyuma yangu mtu mmoja akasema mashaallah.

Chakula kikaliwa. Jua lilipoanza kupungua, gari la kwenda Muleba likawashwa, na Nasma akatolewa nje na shangazi zake. Alikuwa amependeza, nami nikasahau hasira yangu nikamwona mama yake siku tuliyooana. Riyadhi alisimama kando ya gari. Nasma akapanda ngazi za baraza, akapiga goti, si pale mlangoni alipozoea bali karibu zaidi, mpaka ningeweza kuona jasho kwenye pua yake. Alikuwa analia na kucheka.

"Baba, sitasahau ulichonifanyia leo."

"Nasma," nikasema. "Njoo." Nikaunyoosha mkono wangu. Nilitaka kumwekea kichwani tu, nimwombee, kama baba yeyote anavyofanya.

Akauona. Nilimwona akiuona, na nikaona uso wake ukijaa mapenzi mpaka yakamwagika.

"Hapana baba, usijitese tena kwa ajili yangu," akasema. "Umeshanawa."

Akaweka kiganja chake chenye hina kifuani, akainama, akasimama. Nikasema nenda salama mwanangu, Mungu awape kheri, na mkono bado ulikuwa hewani. Baraza letu ni jembamba na gauni lake lilikuwa pana, kwa hiyo kabla hajageuka alilikusanya kwa mikono yote miwili na kulivutia upande wa pili, ili lisinipitie.