Sindano ya Asubuhi

Mume wangu hajui kupika hata yai. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, lakini tangu alipoanza kutembea namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu. Binti yangu anasema sisi wawili ndio watoto wa nyumba hii.

Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini hupita chumbani kwangu kunidunga sindano ya kisukari. Hutoa kichupa kwenye friji, akakisugua viganjani dawa isiwe baridi, akanisimulia uongo wa mjini, na nikija kushtuka kazi imekwisha. Wengine wamejaribu. Binti yangu hufumba macho yeye, na jirani yetu muuguzi ana mkono mzito kama anapigilia misumari. Niliwafukuza wote. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bibi naye umdekezavyo ndivyo azeekavyo.

Alikuwa na kazi ya kumezewa mate katika kampuni ya bima: kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, chai ya kuletewa mezani. Alisomea mitambo, lakini kazi yake ilikuwa kupiga picha magari yaliyogongana.

Jumapili moja nilikuwa barazani nachambua mchele, nikamsikia jikoni akimwambia mama yake kwamba amepata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka miwili, kwenye kiwanda cha injini za meli. Ndiyo kazi aliyoiota tangu utotoni, alipoifungua redio yangu vipande vipande, redio ambayo haijaimba tena hadi leo. Nikaanza kufurahi. Halafu akasema, "Ijumaa nawaandikia kwamba siendi. Bibi atadungwa na nani?"

Damu ikanichemka. Nimezika mume wa kweli, nimelea watoto peke yangu, leo kisindano chembamba kama unywele ndicho kimfunge mjukuu wangu miguu? Nikaenda kugonga mlango wa yule muuguzi niliyemfukuza. Hakunikumbusha ya nyuma, Mungu ambariki. Alinipa sindano, kikombe cha maji na chungwa, akaniambia nianze.

Basi wiki nzima nikadunga machungwa maji, na binti yangu akatuandalia mezani. Mume wangu akala, akakunja uso, akasema machungwa ya siku hizi yamejaa maji tu, hayana ladha. Binti yangu akakimbilia jikoni kucheka.

Ijumaa asubuhi alipoingia alinikuta nimekaa kitandani, dawa nimeshaivuta, muuguzi ameshaikagua na kwenda zake. Nikamwambia akae atazame. Kijasho chembamba kikanitoka, nikajikaza kisabuni, nikajidunga tumboni. Kumbe hata haiumi kiasi hicho.

"Sasa nenda ukafanye kazi uliyosomea," nikamwambia. "Nimekupa talaka ya miaka miwili."

"Mke hatoi talaka."

"Huyu anatoa."

Alikaa sakafuni, akalaza kichwa magotini pangu kama zamani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hunihitaji tena?"

"Nakuhitaji. Usiniulize mambo ya kijinga."

Ofisini waliposikia anaacha kazi walimwona amerukwa na akili. Mkubwa wake alimsihi sana, hata akaahidi kumwongezea mshahara. Mimi nilimwambia asimsikilize, nikamfungia soksi za sufu kwenye begi, maana nimeambiwa huko baridi haina adabu. Nampenda mtoto yule kuliko nilivyompenda babu yake, na babu yake nilimpenda.

Siku ya safari, mabegi yakiwa mlangoni na teksi inapiga honi, aliingia chumbani akisugua kichupa viganjani. Akasema leo nimwachie yeye. Nikamwachia. Akaanza uongo wake wa mjini, safari hii wa polisi aliyeibiwa viatu, na nikausikiliza neno kwa neno, nisipoteze hata moja. Alipochomoa sindano aliona machozi yananitiririka, akashtuka.

"Nimekuumiza, mke wangu?"

Miaka yote ile hajawahi kuniumiza hata siku moja. Nikamwambia ndiyo, ameniumiza sana, mkono wake umekuwa mzito, aende tu huko akatengeneze injini. Akacheka huku naye analia, akanibusu kipajini, akabeba mabegi yake.