Fundo la Asubuhi Moja

Mdogo wangu Deok-sam alifikisha miaka thelathini na minne akiwa bado mtoto. Kwetu Korea mwanamume asiyeoa husuka nywele mgongoni, na hata awe na ndevu, kinda la miaka kumi na mitatu lililoozwa juzi humwamuru. Nimemsikia jirani yetu Byeong-ho, kinda wa namna hiyo, kwa masikio yangu: "We mtoto, niletee kuni." Naye akazileta. Ufukara ndio uliomchelewesha, si kingine.

Majira ya baridi yale akapata mchumba, binti wa muuza karatasi aliyekaa ndani ya ukuta wa Seoul. Asubuhi ya harusi nilimfumua mwenyewe, nikakusanya nywele utosini, nikafunga fundo la mtu mzima na kumvika kofia nyeusi. Tetesi za amri ya mfalme ya kukata mafundo tulizisikia, tukadhani zinawahusu maofisa.

Kwenye lango la mji tukakuta askari ana mkasi, Mkorea mwenzetu, na Mjapani nyuma yake kaweka mikono mifukoni.

"Vua kofia, kijana. Amri ya mfalme. Ni kwa afya, na ni maendeleo."

"Mwache, anaoa leo," nikasema.

"Mama, mfalme mwenyewe keshanyolewa. Huyu wako ana kichwa gani cha kumshinda?"

Hasira zilinipanda, na wala si kwa askari yule. Mfalme tuliyemsujudia miaka thelathini na mbili ameshindwa kulinda nywele zake mbele ya Wajapani, sasa anatutumia mkasi. Reli hatujaiona, shule hatujaiona. Maendeleo yaliyotufikia sisi ni hayo ya kunyolewa.

Deok-sam hakupigana. "Afande, fundo hili nimekaa nalo tangu alfajiri tu," alisema. Askari akacheka, akakata.

Nikaokota nywele kwenye theluji. "Twende, binti wa watu anangoja."

"Dada, nikaingie kwao kama nani?"

Akageuka kurudi kijijini. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, kisha nikaenda peke yangu.

Binti alikuwa ameketi, mashavu yameshapakwa nukta nyekundu za bibi harusi. Baba yake akachungulia nyuma yangu.

"Bwana harusi yuko wapi?"

Nikaziweka nywele juu ya meza ya karamu, katikati ya kunazi na wali.

"Huyu hapa," nikasema. "Mengine kamuulizeni mfalme."