Maoni ya Mama Pacha

Kinyozi yule mtaani walimwita Takwimu, na jina lilimkaa. Mteja akishaketi tu kitini, kabla hata shuka halijafungwa shingoni, Takwimu alikuwa ameshaanza: "Mgombea wetu ana asilimia sitini. Hao wengine wanagombania makombo." Ushahidi wake ulikuwa wateja wake. Aliwauliza wote, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walikubaliana naye.

Kilichomkera ni redio. Kila uchaguzi ulipokaribia, redio ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa maoni: watu kadhaa wamehojiwa, huyu anaongoza, yule anamfuata kwa karibu. Namba hizo hazikuwahi kufanana na zake hata kwa bahati mbaya.

"Wanamuuliza nani hao?" alikuwa akifoka, mashine mkononi. "Mimi mpaka nimeota mvi sijawahi kuulizwa. Wewe umewahi kuulizwa?"

Mteja naye alitikisa kichwa taratibu, kwa kuyahurumia masikio yake.

Basi asubuhi moja, uchaguzi ukiwa umeshakaribia, binti mmoja aliingia saluni, iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Takwimu, kitambulisho kifuani, tableti mkononi, viatu vimejaa vumbi. Akasalimia vizuri, akajieleza. Anatoka taasisi ya utafiti wa maoni. Anapita mtaani akihesabu nyumba, kila ya tano anabisha hodi, na leo hesabu imeangukia hapa.

Wakati huo Takwimu alikuwa amemnyoa jirani yake seremala upande mmoja tu wa kichwa. Akazima mashine, akaiweka mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto.

"Karibu, mwanangu, karibu sana. Mmechelewa, lakini mmefika. Haya, uliza."

"Asante, baba. Kwanza, humu ndani mnaishi watu wazima wangapi?"

Walikuwa watatu: yeye, mkewe Mama Pacha, na shemeji yake, aliyekuja kukaa wiki moja na sasa alikuwa na kitanda chake. Pacha wenyewe walishaoa na kuhama. Binti aliandika, akabonyeza, akatazama.

"Imemchagua mama," akasema. "Naomba kuzungumza na mama."

Takwimu alidhani hakusikia vizuri. "Bonyeza tena."

"Haiwezekani, baba. Hii inachagua yenyewe, kwa bahati nasibu. Nikibonyeza mpaka nimpate ninayemtaka, hayo hayatakuwa maoni ya wananchi tena. Yatakuwa yangu."

"Lakini mke wangu hana habari na siasa! Redio ikiongea, yeye anakunja nguo. Sisi ni kitu kimoja, tangu ujana wetu. Niulize mimi, nitajibu na ya kwake."

"Nani anajibiwa?" Mama Pacha alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

Binti akamweleza. Mama Pacha alifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mumewe, akamtazama binti, kisha akasema, "Twende uani, mwanangu. Kuna kivuli." Takwimu alipotaka kuwafuata, binti akamwomba radhi kwa adabu: mahojiano ni ya faragha.

"Takwimu," akaita seremala kutoka kitini, "mimi ndiyo nabaki hivi?"

Akarudi kazini, lakini mwili tu. Kila baada ya muda alizima mashine na kutega sikio kwenye dirisha la nyuma.

"Umeme umekatika?" seremala akauliza.

"Nyamaza kidogo."

Maneno hayakusikika. Kilichosikika ni kicheko. Mama Pacha alicheka kile kicheko chake kirefu cha kutoka tumboni, ambacho enzi za uchumba Takwimu aliweza kukatiza mji mzima kwa miguu ili akisikie. Mkono ukateleza. Seremala alitoka saluni na pengo juu ya sikio, na kofia ya kuazima.

Binti alipoondoka, Takwimu alimfuata mkewe jikoni.

"Ulimtaja nani?"

"Siri."

"Mimi mumeo!"

"Ndiyo maana."

Siku zilizofuata alijaribu kila njia. Aliosha vyombo bila kuombwa, akavunja bilauri. Alimtuma shemeji akachokonoe, shemeji akarudi na jibu moja tu: "Dada kasema nitafute kazi." Usiku alilala akimsikiliza mkewe akipumua, akajiona mjinga. Alijua anaweka sukari kiasi gani, alijua goti lipi linamsumbua mvua ikitaka kunyesha. Sasa kulikuwa na chumba ndani ya mtu huyu, na mtoto wa watu mwenye tableti ameingia humo kabla yake.

Kisha simu ikalia. Namba iliyoandikwa kwenye mahojiano ilikuwa yake, maana mkewe hakuwa na simu. Sauti ya mwanamume ikajitambulisha: ni msimamizi wa wahojaji, anahakiki kama kweli kazi ilifanyika, anaomba kuongea na mama.

"Mzee mwenzangu," Takwimu akanong'ona, "wewe ndiye mkubwa wao. Nidokeze tu, alijibu nini?"

Msimamizi akacheka. "Baba, hata mke wangu nisingemdokezea. Naomba mama."

Akampa. Mama Pacha alishika simu kwa mikono miwili.

"Ndiyo, alikuja... Ndiyo, binti mzuri, ana heshima... Hapana, tulikuwa wawili tu... Hapana, hakuna aliyenilazimisha kitu." Akasikiliza swali jingine. "Kama nimewahi kuhojiwa? Hapana, baba. Hata nyumbani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuulizwa nafikiri nini."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Akarudisha simu, akaendelea kuchambua maharage.

Takwimu akakaa. Akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua naye.

"Sikuulizi ulimtaja nani," akasema. "Walikuuliza nini kingine?"

"Mengi. Waliniuliza shida kubwa ya hapa ni nini."

"Bei za vitu, bila shaka. Asilimia sabini ya..."

"Njia ya nyuma ya maghala," akasema Mama Pacha.

"Njia? Njia ina nini?"

"Haina taa. Alfajiri nikienda sokoni kuchukua mboga za kuuza, napita pale nimeshika funguo hivi, zimechomoza vidoleni. Wanawake wote tunapita hivyo."

Takwimu alikuwa hajui hilo. Alfajiri hizo zote yeye alikuwa akikoroma.

"Mimi wateja wangu hawajawahi kuitaja hiyo njia," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Wateja wako ni wanaume, Baba Pacha. Halafu nani atakubishia, na wembe uko shingoni mwake?"

Akamkodolea macho. Akawafikiria wote, miaka yote, wakiitikia "kweli kabisa" na kidevu juu. Kicheko kikampanda, akacheka mpaka maharage yakamwagika, na Mama Pacha akacheka naye, wakayaokota wakigongana vichwa.

Kesho yake alfajiri aliamka pamoja naye, akabeba kapu tupu, akatembea upande wa ukuta wa maghala. Asubuhi ya kwanza alilalamika baridi. Ya pili alilalamika kidogo. Baadaye ikawa kawaida.

Siku ya kupiga kura walipanga foleni pamoja, kila mmoja akaingia peke yake. Mgombea wa Takwimu alishindwa, tena vibaya, na saluni nzima ikamcheka. Seremala ndiye aliyecheka zaidi, alikuwa na haki yake.

Asubuhi baada ya matokeo walikuwa njiani kama kawaida, giza bado nene, Takwimu akiburuta miguu kama aliyefiwa. Mama Pacha alimshika mkono kwenye dimbwi, na walipovuka hakuuachia.

"Nikueleze kwa nini alishindwa?"

"Nieleze, mke wangu."

Akaanza kumweleza. Mpaka wanafika sokoni alikuwa bado kwenye sababu ya kwanza, na mumewe alikuwa amemkatiza mara chache tu.