Macho Mapya ya Muuza Tambi

Siku ile mjinga alikuwa Taesok, na ukimuuliza atakwambia mwenyewe kabla hujamaliza swali. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, ana macho mapya ya siku mbili, kaambiwa neno moja tu: kaa chumbani. Akatoka.

Lakini habari yenyewe ilianzia kwenye sufuria.

Taesok na mkewe Migyong wana duka la tambi sokoni Daejeon, meza sita na benchi moja ukutani. Kwa miaka kumi na miwili Taesok ndiye aliyesimama kwenye sufuria, na kwa miaka kumi na miwili mvuke ulimziba miwani. Akifunua kifuniko tu, dunia yote inakuwa maziwa. Alipika kwa mazoea, kwa pua, kwa kusikiliza mchuzi unavyochemka. Mpaka siku moja ya mwezi wa nane, miwani nyeupe pepepe, akachota upawa mzima wa mchuzi wa moto akaumimina pale anapodhani pana bakuli. Palikuwa na mkono wa Migyong.

Mkono ulipona. Ila Migyong aliuchukua upawa siku ile ile, wala hakupaza sauti.

"Baba Eunsol," alisema, maana binti yao anaitwa Eunsol, "utarudi hapa siku utakapoona unamwaga wapi."

Tangu hapo mwenye duka akawa mwosha bakuli. Na watu wa sokoni, Mungu awape nini, hawana huruma. "Jamani, jenerali kashushwa cheo!" "Taesok, ongeza figili huku, na usimwambie bosi wako!" Alicheka nao, akasugua bakuli, lakini kila alipousikia mchuzi ukichemka mgongoni mwake, mkono wake uliutafuta upawa. Kusimama kwenye sufuria ndiyo kazi pekee aliyoijua vizuri. Basi akaamua kwenda kupigwa leza machoni, ule mwanga unaorekebisha macho mtu asihitaji tena miwani.

Kliniki ya macho ilikuwa ghorofa ya tisa, imejaa vijana waliomaliza mtihani wa kuingia chuo kikuu juzi tu, wameletwa na mama zao. Taesok alikuwa mzee kuliko wote na alikuwa na maswali kuliko wote. Akawekwa kidevu kwenye mashine ya kwanza, ile yenye picha ya barabara iliyonyooka na puto kubwa linaloelea mwisho wake. Picha inafifia, inarudi, inafifia.

"Dada," akamuuliza mpimaji, "hii barabara inakwenda wapi? Naitazama tangu nina miaka minane. Sijaona hata baiskeli ikipita."

"Usipotuliza kidevu hutafika."

"Na mle kwenye puto kuna mtu?"

"Yupo, anakusubiri unyamaze. Lenzi za machoni umeacha tangu lini?"

"Wiki mbili," Taesok akajibu, mkavu kabisa.

Uongo mtupu. Siku nne nyuma alizivaa kwenye harusi ya mpwa wake, kwa sababu picha ya ukoo inapigwa mara moja, na hakutaka kubaki ukutani kwa watu miaka hamsini na miwani yenye alama za mafuta. Mpimaji akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, kisha akageuza kiti wakaangaliana.

"Kila nikipima napata jibu jingine. Lenzi hukandamiza konea, ile ngozi ya mbele iliyo kama kioo, ikapoteza umbo lake. Tukiipiga leza kabla haijatulia, utaona upogo mpaka kufa kwako. Nikuulize mara ya pili?"

"Siku nne."

"Asante. Rudi baada ya wiki mbili."

Kwa hiyo tarehe ikasogea mpaka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Taesok alipotazama kalenda ya simu ndani ya lifti, alicheka peke yake hadi mama mmoja akamvuta mwanawe kando. Jumamosi ya wiki ile ilikuwa siku ya kutia kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, nyumbani kwa mama mkwe, Geumsan. Kabichi mia moja na hamsini. Kila mwaka Taesok, mkwe wa mwisho, ndiye aliyepewa kazi ya kuzitoa kwenye maji ya chumvi alfajiri, vidole vikifa ganzi. Udhuru uliokubalika kwa mama mkwe ni msiba, tena uwe wa karibu. Sasa alikuwa na barua ya daktari.

Alhamisi ikafika. Wakamvisha kofia ya plastiki, wakamtia dawa ya ganzi machoni, wakamlaza, kisha muuguzi akamwekea kifuani dubu wa manyoya.

"Wa nini huyu?"

"Wa kukumbatia. Zamani walikuwa wananikumbatia mimi."

Daktari Seo, mwanamke mwembamba asiyependa hadithi, akamwambia atazame taa ya kijani. Kitu kikalibana jicho, giza likaingia, likatoka. Kisha Taesok akaona, kwa jicho lile lile linalofanyiwa kazi, daktari akifunua utando wa juu taratibu kama mtu anayefunua ukurasa, na taa ya kijani ikatawanyika kama wino kwenye maji. Hakusikia maumivu. Alisikia harufu ya nywele zinazoungua.

"Daktari, ni mimi ninayenuka?"

"Usiongee."

"Nanuka kama nini hasa?"

"Zimebaki sekunde kumi na mbili. Unaweza kunyamaza sekunde kumi na mbili?"

Aliweza. Migyong alipoambiwa baadaye hakuamini.

Sehemu iliyobaki ya siku ile aliimaliza kwenye mkeka, gizani, macho yakichuruzika kana kwamba amemenya vitunguu vya soko zima. Migyong alimbandika vikinga vya plastiki juu ya macho kwa plasta, akamtia matone kila saa, akamsomea karatasi ya daktari: usifikiche macho, usitie maji usoni, kaa mbali na mvuke, vumbi na moshi. "Utando umerudishwa tu mahali pake," alisoma, "haujashika vizuri. Ukifikicha, unateleza." Akaisoma sentensi ile mara mbili, maana alimjua mumewe.

Ijumaa asubuhi, kliniki, akasoma ubao wa namba na picha mpaka mstari wa chini. Macho yote mawili safi. Wakati wa kurudi alisoma kila kitu njiani: namba za magari, bango la mganga wa meno, bei ya samaki. Nyumbani akakaa akimtazama mkewe.

"Mama Eunsol, kumbe una kovu dogo chini ya nyusi."

"Ninalo tangu darasa la tatu."

"Mbona sijawahi kuliona?"

"Miaka kumi na saba ulikuwa unamtazama nani?"

Jumamosi wakaenda Geumsan. Taesok hangeachwa peke yake na chupa za dawa, hilo Migyong alikataa. Akamwingiza chumba cha nyuma cha mama yake, akafunga pazia. "Humu ndani. Huko nje ni unga wa pilipili tu. Usitoe hata pua."

"Nitalala," akaahidi.

Alilala dakika kumi. Nje kulikuwa na vicheko, maji yakimwagwa, visu vikikata figili, sauti ya mama mkwe ikiwaamrisha mabinti watatu na waume zao. Taesok akasogeza pazia kidogo. Jamani! Miaka yote aliyokuwa anakuja hapa, miwani imejaa ukungu wa baridi, aliona wekundu tu unaokwenda na kurudi. Leo aliona majani ya kabichi moja moja, mishipa yake myeupe, ufuta, mchuzi wa dagaa waliochachuka ukidondoka kwenye glavu za waridi. Aliona hadi vumbi la pilipili likielea kwenye jua, na badala ya kuogopa akaliona zuri. Angefanyaje mtu mwenye macho ya siku mbili?

Akavaa miwani ya jua, akatoka.

"Haya, mzazi katoka arobaini!" akapiga kelele Gwangpil, mwanyumba wake, mume wa dada mkubwa. "Mtoto hajambo?"

"Mtoto anaona mpaka vinyweleo vya pua yako, mwanyumba. Vikate."

Wakacheka. Migyong alikuwa ndani ya banda akitoa chumvi, hakumwona. Taesok akaipandisha miwani ya jua kichwani ili aone vizuri zaidi, akaanza kuzunguka mabeseni mikono nyuma kama mkaguzi wa serikali. Hii haijaoshwa sawasawa. Ile ina jani bovu. Mama mkwe, mwanamke wa miaka sabini na mbili anayechuchumaa kutwa nzima bila kulalamika, akamtazama.

"Mkwe wangu, umetibiwa macho au mdomo?"

"Mama, simama hapo hapo. Una kiwavi."

"Mimi?"

"Kwenye kabichi, mama. Jani la nne, kule chini."

Hakuna aliyekiona. Taesok akainama, akaingiza vidole vitupu katikati ya majani yaliyokwisha kupakwa, akakitoa kiwavi kidogo cha kijani, akakiinua juu. Watu wakashangilia kweli kweli. Mama mkwe akasokota jani lenye kimchi mbichi, akamlisha kwa mkono wake, zawadi ya mshindi, jani kubwa mdomo haufungi. Pilipili ikampanda puani. Machozi yakamlengalenga, jicho la kulia likaanza kuwasha.

Akalifikicha. Kwa vidole vile vile.

Ukelele aliopiga ulimtoa Migyong bandani na gunia la chumvi likamponyoka. Alifika kabla hajafikicha mara ya pili, akamkamata mikono yote miwili, akamwambia mama yake amtie matone, chupa nzima, yote, mwaga. Moto ukapungua. Taesok akafungua jicho.

"Migyong," alisema, na hakuwa na mazoea ya kumwita jina lake mbele ya watu. "Naona maziwa."

Kliniki ingefungwa saa tisa, na sasa ilikuwa saa saba na nusu. Gwangpil aliendesha gari na glavu zake, nyekundu kwa pilipili, hakuzivua. Hapakuwa na mzaha tena. Taesok alifumba jicho la kushoto akajaribu kusoma vibao vya barabarani; kila kibao kilikuwa viwili, kimoja juu ya kingine, vyote vina ukungu. Migyong hakuiachia mikono yake.

"Lisiporudi je?" akauliza Taesok.

"Utaosha bakuli."

"Maisha yote?"

Migyong aliikaza zaidi mikono ile. "Mimi nitapika, wewe utaosha. Hatutakufa." Lakini aliyasema kama mtu aliyechoka, na Taesok akajua kwamba naye alikuwa ameusubiri mwisho wa kushika upawa ule peke yake.

Daktari Seo aliinamia darubini yake muda mrefu.

"Utando umejikunja. Na hizi punje nyekundu?"

"Kimchi," Migyong akajibu kwa aibu.

Daktari hakushangaa. "Kila mwezi wa kumi na moja napata mmoja," alisema. "Mwaka jana alikuwa mchungaji."

Wakamlaza tena. Utando ukafunuliwa, ukaoshwa, ukanyooshwa kwa kibrashi chenye maji. Safari hii Taesok hakuuliza kitu. Lenzi laini ikawekwa juu kama bandeji. Je, ataona? Daktari akasema atajua baada ya siku kumi, labda zaidi, na hakuna dawa ya kuharakisha.

Siku kumi ni nyingi kwa mtu mwenye maswali. Alilala chali, vikinga usoni, na redio. Migyong alimwosha nywele akiwa amemlaza kichwa nyuma kama wanavyofanya saluni, kidole kimoja kikilinda paji la uso maji yasishuke. Mama mkwe alituma ndoo tatu za kimchi na ujumbe kwamba viwavi wengine wawili walipatikana bila msaada wake. Siku ya nne, ukungu. Siku ya saba, vibao viwili vikakaribiana. Siku ya kumi alikalishwa mbele ya ubao, kushoto kukazibwa, na Migyong akasimama nyuma ya kiti akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Tatu," akasoma Taesok. "Saba. Gari. Ndege. Kipepeo." Kijiti kikashuka mstari mwingine. "Mbili. Bata... ni bata yule?"

"Ni bata."

"Sita. Tano. Na pale chini pana jina la kiwanda kilichochapa huu ubao."

Nyuma yake mkoba ukaanguka.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, kabla duka halijajaa, Migyong alichukua upawa kutoka ukutani akauweka mezani mbele ya mumewe. Pembeni yake akaweka kitu kingine: miwani ya plastiki yenye mpira wa kufunga kisogoni, ile wanayovaa mafundi wa kuchomelea mabomba. Daktari Seo aliruhusu sufuria kwa sharti hilo. Mvuke, unga, pilipili ya mezani. Angalau mpaka majira ya kuchipua.

Taesok aliushika upawa. Miwani hakuigusa.

"Miwani tena?"

"Tena."

"Mama Eunsol, nimelazwa mara mbili, nimekumbatia dubu, nimenuka kama kuku wa kubabuliwa, yote hayo ili nisivae miwani. Sasa nivae hii ili iweje? Watu watasema nini?"

"Watasema umevaa miwani."

Mzee wa duka la viatu, aliyekuwa ameshakaa kwenye benchi akisubiri bakuli lake la kwanza, akatikisa kichwa. "Hapo mama umemwonea. Mtu katengenezwa."

"Umesikia?" Taesok akapata nguvu. "Naona vizuri kuliko watu wote humu ndani! Nakuona wewe, namwona mzee, naona hadi bei ya soksi kule ng'ambo. Nikisimama kwenye sufuria naona namwaga wapi. Ulisema hivyo hivyo, siku nitakapoona. Haya, naona! Macho yangu yana kasoro gani?"

Migyong akaichukua miwani ya plastiki, akaipuliza vumbi, akamtundikia kwenye mpini wa upawa alioushika.

"Macho hayana kasoro, yametengenezwa. Mikono bado ni ile ile. Vaa."